Nati ya Usukani wa Boti Inapogoma

Usukani mpya wa boti hausumbui mtu. Kazi iko kwenye kuutoa ule wa zamani, na hasa ile nati moja ya katikati iliyokaa miaka bila kuguswa, mchana jua la Mwanza linaipiga, usiku umande wa ziwa unailowesha. Mimi ni fundi wa maboti ya faiba hapa Ilemela. Nazunguka mialo, yaani maegesho ya maboti, ya Kirumba na Igombe, siku nyingine naitwa Kayenze. Injini ndizo zinazonilisha. Usukani huletwa kwangu mara chache, na karibu kila unapoletwa kuna mtu ameshaupiga nyundo kabla yangu.

Kwa hiyo nianze na kilicho nyuma ya nati. Usukani umevikwa kwenye ncha ya shafti, na shafti hiyo ni sehemu ya boksi la gia lililojificha nyuma ya deshibodi. Ukizungusha usukani, boksi linasukuma au kuvuta kebo nene inayokwenda mpaka kwenye injini. Boti nyingine hazina kebo, zina pampu ya mafuta ya haidroliki, lakini shafti inayotokeza mbele ni ya namna ileile. Shafti hii haiuzwi peke yake. Ukishaua thredi zake, ile mikunjo inayoshika nati, unanunua boksi zima, mara nyingi kwa kuagiza Dar es Salaam, na boti inakaa mchangani huku abiria wa kisiwa cha Kome wakipanda ya jirani. Nati yenyewe, hata ile nzuri ya stenlesi, ni kitu cha pesa ya chakula cha mchana.

Ndiyo maana kabla sijashika spana namwambia mwenye boti: hii nati tuihesabu imeshakufa. Ikitoka nzima, heri. Isipotoka, tutaikata. Wengi hukunja uso, lakini tukishakubaliana hapo mikono inakuwa mitulivu. Wanaoharibu shafti ni wale wanaohangaika kuiokoa nati. Na usukani wa zamani pia haurudi, kwa hiyo usiuonee huruma. Utatufaa kwa kushikia, na pengine kwa kukatwa.

Nunua nati mpya kwanza, kabla ya kugusa ya zamani. Nitaeleza sababu tukifika mbele. Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi wa magari. Mifumo mingi ya usukani wa boti ndogo imetengenezwa kwa vipimo vya Kimarekani, yaani nchi (inchi), wakati spea nyingi za mjini kwetu ni za magari na pikipiki za milimita. Nati ya milimita inaweza kuingia kwenye shafti ya nchi raundi moja au mbili, ikaanza kukaza, na mtu akadhani inafunga vizuri. Haifungi, inasaga. Nati sugu nyingi ninazokutana nazo zilizaliwa hivyo: mtu alipoteza ya asili, akaokota iliyokaribiana nayo, akaisukuma kwa spana. Kama ncha ya shafti imetokeza nje ya nati, pima unene wake kwa vernia, kile kipimo cha kubana, na weka geji ya thredi juu yake. Geji hii ni kile kifurushi cha vijibati vyenye meno, mafundi wa lezi, mashine ya kuchongea vyuma, wanazo. Muombe akuazime au mpelekee picha ya karibu na vipimo. Nati sahihi huingia kwa vidole, bila spana, na huenda mpaka mwisho kwa vidole isipokuwa kama ni ile yenye plastiki ndani.

Sasa mahali pa kazi. Boti iwe nchi kavu, imekaa sawa, imezuiwa isiyumbe. Kazi hii haifanywi majini, hata kama ziwa limelala. Wimbi dogo la boti inayopita linatosha kukuponyosha spana, na boti isiyo na usukani haina wa kuiongoza kamba ikikatika. Anza asubuhi. Mchana upepo wa ziwani huanza kuvuma na mchanga wa mwaloni unaingia kwenye kila kitu chenye grisi.

Tanki la petroli litolewe nje kabisa, liwekwe mbali. Si kulifunika, kulitoa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni kwenye maji machafu ya boti, na unaweza kuwa humo bila wewe kusikia harufu puani. Fungua vifuniko vya sakafu, acha upepo upite. Kisha toa waya za betri, hasa kama usukani una honi au kama nyuma ya deshibodi kuna mafundo ya waya ya wale mafundi wa taa. Halafu tandika kitambaa chini ya usukani, mpaka miguuni. Kuna kipande kidogo kitakachoanguka baadaye na hutaki kikaishie chini ya sakafu.

Toa kofia ya katikati. Nyingi zimebanwa tu, unachokonoa ukingoni kwa kijiti cha mti mgumu au bisibisi iliyofungwa kitambaa. Nyingine zimeshikwa na skrubu ndogo kutokea nyuma ya mikono ya usukani, kwa hiyo kabla ya kuvunja pitisha vidole nyuma uhisi. Ndani utaona mojawapo ya hizi: nati ya kawaida yenye washa ya springi, nati yenye duara la plastiki ndani, au nati yenye mikato kama taji ikiwa na pini iliyopita katikati ya shafti. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowafanya watu waaibike. Wanavuta bomba la kurefushia spana mpaka mishipa ya shingo inasimama, kumbe pini bado ipo, imefichwa na grisi iliyokauka. Safisha kwa brashi ya waya mpaka uone chuma kitupu, ndipo uamue ni nati gani.

Angalia na rangi ya uchafu wenyewe. Kutu nyekundu maana yake kuna chuma cha kawaida hapo, na huenda nati si ya asili. Unga mweupe ni aluminiamu ya kitovu cha usukani, ile sehemu ya katikati inayovikwa kwenye shafti, inaliwa kwa sababu imegusana na stenlesi. Ziwa letu ni la maji baridi na hilo linatusaidia sana. Fundi wa Tanga au Dar es Salaam anapambana na chumvi kila siku. Lakini maboti mengi ya starehe yanayoonekana upande wa Capri Point yameletwa yakiwa yametumika, na chumvi ya huko yalikotoka yamekuja nayo. Boti ikiwa ya namna hiyo, ongeza siku moja kwenye hesabu yako.

Mafuta ya kulegeza

Ile kopo ya kupuliza inayouzwa kila duka la spea inafaa kwa kutu ya juu juu. Kwa nati iliyoshikana kweli natumia mchanganyiko wa zamani wa mafundi: nusu asetoni, nusu mafuta ya gia boksi ya otomatiki. Hauchanganyiki ukatulia, kwa hiyo tikisa kila unapodondosha. Asetoni inashika moto haraka na inakula plastiki na mng'aro wa faiba, basi dondosha kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, tone kwa tone, moja kwa moja pale nati inapokutana na shafti. Dizeli na mafuta ya taa hufanya kazi pia, ila polepole. Mafuta ya breki yanababua rangi, mimi siyaweki kwenye boti ya mtu.

Mafuta peke yake hayaingii. Yanahitaji mtikisiko. Chukua panchi butu au bolti nene, weka ubavuni mwa nati, gonga kwa nyundo ndogo, pande zote sita, kwa mpigo mwepesi wa haraka. Usigonge ncha ya shafti kwa mbele. Nyuma ya shafti kuna gia, bushi na mara nyingine vipande vya plastiki ngumu, na kwenye mfumo wa pampu kuna sili, mpira unaozuia mafuta yasivuje. Nyundo ya mbele inakwenda kulala huko. Gonga, dondosha, nenda kanywe chai, rudi ugonge. Jioni dondosha mara ya mwisho, funika na kitambaa, lala. Mpwa wangu ninayemfundisha kazi hapendi hatua hii. Ananiambia, "Mjomba, tukiweka bomba refu si inatoka sasa hivi?" Namjibu, "Inatoka, mjomba. Swali ni itatoka na nini."

Kushika usukani

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndipo boksi nyingi za gia zinapofia.

Nati ya usukani kwa kawaida hufunguka kushoto ukiwa umesimama mbele yake. Ukivuta spana kushoto, shafti nayo inataka kwenda kushoto, na usukani nao. Mtu asiyefikiri anaacha usukani uzunguke mpaka ugote mwisho, kisha anaendelea kuvuta. Nguvu yote aliyoiweka kwenye bomba inabebwa na meno ya gia na kichwa cha kebo. Hayakutengenezwa kwa hilo. Huenda nati ikafunguka, lakini boti itakuwa na usukani unaocheza, na mwenye boti atagundua akiwa katikati ya ziwa.

Kinachotakiwa ni usukani wenyewe ushikwe, sehemu ya katikati ya mzunguko wake, mbali na mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Kati ya shafti na usukani kuna kijipande cha chuma kinaitwa kii, ndicho kinachovifanya vizunguke pamoja. Ukiushika usukani, nguvu inapita kwenye kii na kuishia kwenye mikono yako au mbao yako. Gia haijui kinachoendelea.

Pitisha mbao ya mbili kwa mbili kati ya mikono ya usukani, karibu na kitovu, ncha yake moja iegemee kitu kigumu upande ule usukani unakotaka kukimbilia: mguu wa kiti uliofungwa bolti, au ubavu wa boti penye mbavu. Usiegemeze kwenye deshibodi, faiba yake ni nyembamba na itapasuka kabla ya nati kulegea. Mbao ikikosa pa kuegemea, funga mikono miwili ya usukani kwa kamba ya nailoni nene mpaka miguu ya viti, kamba ikiwa imekaza kabisa. Na juu ya hayo yote mtu mmoja ashike ukingo kwa mikono miwili. Ukivuta kwenye ukingo peke yake bila mbao, usukani wa plastiki unapinda na nguvu inapotelea humo.

Boksi la spana, yaani soketi inayovikwa juu ya nati, liwe la pande sita. Yale ya pembe kumi na mbili ni mazuri kwa kazi nyepesi, ila kwenye nati iliyoliwa yanateleza na kula kona. Pima vizuri, kwa sababu kati ya saizi ya nchi na saizi ya milimita kuna pengo dogo linalodanganya: boksi linaingia, linacheza kidogo tu, na hilo "kidogo tu" ndilo linaloifanya nati kuwa duara. Spana ya malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, ikae kwenye kisanduku.

Tatizo jingine ni nafasi. Usukani mwingi nati imezama ndani ya shimo na ukuta wa boksi haupiti. Watu huanza kuchonga boksi lao zuri kwenye mashine ya kunolea. Kwa nini? Usukani huo unatupwa. Kata plastiki ya shimo kwa kisu kikali au msumeno mdogo, panua mpaka boksi likae mpaka chini.

Kabla ya kufungua, funga. Yaani ulipe mvuto mfupi wa kulia, kidogo sana, mpaka usikie kitu kama kijiti kinavunjika. Ni kutu inakatika. Kisha rudi kushoto kwa mvuto wa taratibu unaoongezeka, mkono wa spana ukiwa mlalo na wewe ukivuta kuelekea kwako, si kusukuma. Ukisukuma na boksi likaponyoka, meno yako yatakutana na kioo cha mbele.

Bomba la kurefusha mkono lina mahali pake, lakini nina sheria moja: bomba lisizidi urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidole, na mtu mmoja tu avute. Kama hapo haitoki, tatizo si nguvu. Rudi kwenye mafuta, au nenda kwenye maji ya moto.

Mwenye mashine ya betri ya kufungulia nati anaweza kuitumia, kwa mipigo mifupi, aanze na nguvu ndogo. Inasaidia kwa sababu inatikisa badala ya kuvuta. Ila jihadhari na stenlesi iliyofungwa kwenye stenlesi. Vyuma hivi vikisuguana kwa kasi na bila mafuta vinang'ang'aniana, vinararuana na kuwa kitu kimoja. Dalili yake ni hii: nati ilianza kulegea, ikatembea nusu raundi, halafu ikawa ngumu zaidi ya mwanzo. Simama palepale. Rudisha ndani robo raundi, dondosha mafuta, toa robo na nusu, rudisha tena. Nenda na kurudi hivyo mpaka itoke. Anayelazimisha hapo anatoka na nati yenye kipande cha shafti ndani.

Maji ya moto badala ya tochi

Kila mtu anajua chuma kikipata moto hutanuka, na kila mtu ana jirani mwenye tochi ya gesi. Kwenye boti ya petroli siwashi moto, hata tanki likiwa limetolewa. Na kwenye mfumo wa pampu moto unaua sili. Ninachotumia ni birika. Hapa Mwanza tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96, na inatosha. Lowesha kitambaa, kizungushe kwenye nati na kitovu, mimina maji taratibu, ngoja dakika chache, mimina tena. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, kwa hiyo kitovu kinaachia kidogo na ule unga mweupe unapasuka. Kwenye nati yenye plastiki ndani, joto linailainisha nayo. Ukimaliza kumimina, vuta papo hapo, usisubiri ipoe.

Ikikataa, ikatwe

Kona zikianza kuliwa, acha kuzungusha. Mtu akikuambia uchomelee nati nyingine juu yake, mshukuru na umwache aende zake. Njia hiyo inafanya kazi kwenye lori, lakini ndani ya boti ya faiba yenye mabaki ya petroli na kebo za plastiki nyuma ya shafti, hapana.

Kama nati imetokeza, msumeno wa chuma unatosha. Kata ubavu mmoja bapa kwa kuteremka sambamba na shafti, si kuelekea katikati yake, ukibakiza ngozi nyembamba kabla ya kugusa thredi. Weka tindo kwenye mkato, piga mara moja au mbili, nati inafunguka yenyewe kwa kupasuka. Grenda ndogo inafanya haraka zaidi, lakini cheche zake zinazama kwenye faiba na kesho utaona madoadoa ya kutu kila mahali. Funika kila kitu kwa matambara mabichi, na narudia habari ya petroli.

Nati ikiwa imezama ndani ya shimo na msumeno haufiki, tumia drili. Weka alama ya panchi kwenye uso wa nati, katikati ya ukuta wake, kati ya thredi na ukingo wa nje. Toboa kwa biti nyembamba ya milimita 3, ukielekea ndani sambamba na shafti, mpaka upite unene wote wa nati. Toboa tundu la pili pembeni, karibu kugusana na la kwanza, kisha panua kwa biti kubwa kidogo. Nenda polepole, kwa mafuta, maana stenlesi ikisuguliwa bila kukatwa inakuwa ngumu, na joto linakuchoma biti. Ukuta ukishabaki mwembamba, tindo nyembamba inaupasua kwa mpigo mdogo. Mkono ukikutetemeka, anza upande wa nje zaidi kuliko wa ndani. Kosa la kwenda nje linakupotezea muda, la kwenda ndani linakupotezea shafti.

Nati imetoka, usukani bado

Watu hushangilia mapema. Shafti nyingi za boti ndogo ni za nchi 3/4 na zimechongwa, nyembamba mbele na nene nyuma, na kitovu cha usukani kimechongwa vivyo hivyo. Nati ilikuwa ikikisukuma kitovu kipande kwenye unene huo kila ilipokazwa. Kimekaa kama kabari kwenye mpini wa shoka, na kuondoa nati hakukilegezi.

Sasa ile nati mpya uliyoinunua. Ifunge kwa vidole mpaka iwe sawa na ncha ya shafti, ikiacha nafasi ndogo kati yake na kitovu. Inalinda thredi, na usukani ukiachia ghafla unaishia kwenye nati badala ya kwenye kidevu chako. Nimeona midomo iliyochanika kwa kukosa raundi tatu za nati.

Chombo cha kazi hii ni pula ya miguu miwili au mitatu, ile ya kutolea gia na bearingi. Miguu ishike nyuma ya kitovu chenyewe. Ikishika mikono ya usukani itaipinda tu na kitovu kitabaki. Kama nyuma ya kitovu hakuna nafasi, kata vifuniko vya plastiki mpaka ipatikane. Skrubu ya pula iegemee katikati ya ncha ya shafti, na katikati yake uweke kipande cha shaba au kichwa cha bolti. Kaza mpaka pula iwe ngumu, kisha acha. Mimina maji ya moto kwenye kitovu. Gonga kichwa cha skrubu ya pula kidogo. Kaza tena robo. Mara nyingi usukani huachia wenyewe ukiwa umegeuka kuchukua kikombe, kwa mlio unaoshtua boti nzima.

Pula ikikosekana, watu wawili: mmoja akae sakafuni, magoti nyuma ya usukani, avute kuja kwake huku akiutikisa juu na chini, mwingine agonge kwenye nati, akiweka kipande cha mti mgumu kati ya nyundo na nati. Gonga kiasi, kwa sababu niliyotaja ya gia na bushi zilizo nyuma. Na usichokonoe kwa tindo kati ya kitovu na deshibodi. Lile duara la plastiki nyuma ya usukani linavunjika kama biskuti na halipatikani kirahisi.

Usukani unapotoka, angalia kitambaa ulichotandika. Kii imeanguka humo, kijipande cha nusu mwezi. Ioshe, iweke mfukoni. Nimekuta boti za abiria zenye msumari uliokatwa mahali pa kii. Msumari ni laini, unakatika, na siku unapokatika usukani unazunguka bure huku injini ikielekea inakotaka.

Kuvika mpya

Hapa ni haraka. Safisha shafti kwa msasa mwembamba, kwa kuzungusha, mpaka ing'ae bila kuimaliza. Jaribu usukani mpya mtupu, bila kii: ukae bila kucheza na usiguse deshibodi. Usukani wa gari hauingii, hata uwe mzuri namna gani. Shafti ya gari ina meno mengi ya kuzunguka na ya boti ina kii moja. Wapo wanaochomelea kipande cha kuunganisha. Mimi boti hiyo sipandi.

Weka injini ielekee nyuma sawasawa, weka kii, paka grisi ya boti nyembamba sana kwenye shafti, vika usukani mikono yake ikiwa imekaa sawa. Ufunge kwa nati mpya, si ile ya zamani hata kama ilitoka nzima, maana plastiki ya ndani ikishafunguliwa haishiki tena kama mwanzo. Ukazaji ufuate kijitabu cha mfumo wako. Kama kuna spana ya kipimo, itumie, na wakati wa kukaza shika usukani kama ulivyoushika wakati wa kufungua. Nati yenye pini ipewe pini mpya.

Zungusha kutoka mwisho hadi mwisho, mtu mwingine akiangalia injini nyuma. Igeuke sawa pande zote, bila kukwama, na vidole vyako visigonge mkono wa gia. Rudisha betri, jaribu honi. Kisha shusha boti, zunguka karibu na mwalo kwa mwendo mdogo kabla ya kufikiria safari ya Nansio, kule Ukerewe. Baada ya safari chache za kwanza toa kofia tena ukague nati, kwa kuwa kitovu kipya huingia kidogo zaidi kwenye shafti kikishafanya kazi na kuiacha nati ikiwa imelegea. Ikaze kwa kipimo kilekile, weka tone la grisi juu yake, rudisha kofia.